Mandari ya Ziwani: Nani Alikaa, Nani Alibeba



Baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumtakia rehma na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), tunapenda kulijibu kwa maandishi swali ambalo tuliulizwa na mzazi mmoja mlangoni pa madrasa, nasi tukalijibu kwa haraka kwa kuwa adhana ilikuwa karibu. Mzazi huyo alisema: "Ustadh, watoto hawajamaliza hata juzuu Amma, nanyi mnawapeleka ziwani kula na kucheza. Hayo si mambo ya Wazungu?" Swali lenyewe ni zuri, na lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kama kutoka nje na watoto ni kupoteza wakati. Ya pili ni kama kukaa ufukweni na chakula ni desturi ya kuazima. Sehemu ya kwanza tutaipitia kwa ufupi kwa sababu walimu wetu wameshaifundisha. Ya pili ndiyo inayotufanya tushike kalamu, kwa sababu ni swali la historia, na historia ya ufuko wetu wa Gisenyi watoto wetu hawaijui.

Tuanze na majira. Watoto wakisoma vitabu vya Ulaya hukuta majira ya joto yakiisha na majani yakipukutika. Hapa kwetu hesabu ni nyingine. Wanyarwanda wanaugawa mwaka mara nne: urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari; itumba, masika ya Machi hadi Mei; impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti; na umuhindo, mvua za vuli zinazoanza Septemba. Mwisho wa impeshyi hapa Rubavu vumbi hukaa juu ya mabati, ukungu mkavu hulifunika ziwa hata kisiwa cha Ijwi hakionekani, na mlima Nyiragongo hupotea kabisa mchana. Kisha hushuka mvua mbili tatu za kwanza, hewa ikasafika, na asubuhi moja mlima unauona wote pamoja na moshi wake. Kati ya vumbi na mvua kubwa kuna majuma machache tu, na hayo ndiyo tunayoyagombania kila mwaka. Ukichelewa, jamvi linaloa.

Ndugu zetu Waswahili walioko Oman wana kinyume chake, nasi hupenda kuwasimulia watoto. Kule Salalah, katika jimbo la Dhofar, kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba pepo za kusi huleta manyunyu na ukungu, na milima iliyokuwa kahawia hugeuka kijani. Majira hayo wanayaita kharif, neno ambalo kwa Kiarabu ndilo vuli. Wakati Maskati inaungua kwa joto, familia hupakia magari na kwenda Salalah kutandika mikeka ndani ya manyunyu. Wao hulifuata lile lile tunalolikimbia sisi.

Kuhusu kupoteza wakati, itoshe kumkumbuka Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.). Alijiogopea unafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume aliiona Pepo na Moto kama kwa macho, na akirudi kwa mke, watoto na mali yake husahau mengi. Katika hadithi iliyopokelewa na Muslim, Mtume alimfahamisha kwamba mwanadamu hawezi kudumu katika hali ile ya kwanza, na kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Tena tumepokea katika Abu Daud kwamba Mtume alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza alishinda Bi Aisha, na baadaye akashinda Mtume. Watoto wetu wa kike huipenda sana habari hii, na kila tukifika ufukweni kuna mmoja atakayetukumbusha.

Sasa tuje kwenye historia. Kiswahili kina neno lake kwa jambo hili, nalo ni mandari. Lisichanganywe na mandhari, ambayo ni sura ya mahali. Mandari ni kutoka kwenda kustarehe mahali pa wazi na chakula chenu. Leo vijana husema pikiniki, si vibaya, lakini lugha yenye neno lake la zamani haiwezi kusemwa kwamba jambo lenyewe imeliazima juzi.

Katika pwani ya Waswahili mandari ilifungamana na pepo na mwaka wa jua. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, mpaka leo husherehekewa Mwaka Kogwa kila Julai, sikukuu yenye asili ya Nairuzi ya Wafursi. Watu huoga baharini, hupika, hula nje, na mgeni haachwi bila kualikwa. Wapo masheikh waliokemea baadhi ya mambo yanayofanywa siku hiyo, na sisi hatutaki kuingia katika mjadala huo hapa. Tunachotaka msomaji akione ni kwamba Waislamu wa pwani wamekuwa wakitoka na vyungu vyao kwenda ufukweni kwa kufuata mabadiliko ya majira tangu zamani, na kwamba si Mzungu aliyewafundisha kutandika mkeka chini ya mwembe.

Tunayo pia kumbukumbu ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baada ya kuolewa na Mjerumani na kuhamia Ujerumani aliandika kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake, kikachapishwa mwaka 1886. Humo ameeleza nyumba za mashamba, safari za mashua kati ya Mtoni na mjini, na utulivu wa Bububu kando ya bahari. Mtu akisoma hutamani angekuwapo. Lakini msomaji mwangalifu atajiuliza ni nani aliyepiga makasia, na nani aliyebeba vikapu. Walikuwa watumwa. Starehe ya ufukweni mara nyingi imekuwa hivyo: mmoja amekaa, mwingine amebeba. Tuliweke swali hilo mkononi tunapopanda kutoka pwani hadi ziwani kwetu, mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, maana huku nako tutalikuta.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za ziwa Kivu kwa kuliona kwa macho yake ni Mjerumani Count von Götzen, aliyefika mwaka 1894 akitokea pwani ya Tanganyika. Ndiye baadaye aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani wakati wa vita vya Maji Maji, na ndiye ambaye jina lake lilipewa ile meli ya ziwa Tanganyika ambayo leo inaitwa Liemba. Wenyeji wa Bugoyi, bila shaka, walikuwa wakiliona ziwa lao kila asubuhi kabla yake. Msafara kama huo haukwenda bila wapagazi, na wapagazi na askari wa misafara ya zama hizo walizungumza Kiswahili. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi hapa Gisenyi mwanzoni mwa karne ya 20, waliokuja nao walikuwa askari, makarani, wapishi na wafanyabiashara kutoka pwani, Tabora, Ujiji na Bukoba, na wengi wao walikuwa Waislamu. Hao ni miongoni mwa wazee wa mtaa wetu. Uislamu haukuja Gisenyi kwa mahubiri ya mtu mmoja mashuhuri. Ulikuja kwa watu waliokuwa kazini, wakaswali walipotua mizigo.

Mwaka 1910, katika mkutano wa Brussels, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikubaliana mipaka. Kisiwa cha Ijwi kikaenda kwa Wabelgiji wa Kongo, na mstari ukapita kati ya Gisenyi na Goma, mahali ambapo leo mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa muda wa kunywa chai. Vita Kuu ilipoanza 1914 ufuko huu ukawa mstari wa mbele. Wajerumani waliiteka Ijwi Septemba mwaka huo, na Wabelgiji waliingia Gisenyi Mei 1916. Kwa karibu miaka miwili hakuna aliyekuja ziwani kustarehe.

Kipindi cha Wabelgiji ndicho kilichoipa Gisenyi sura yake tunayoijua. Ziwa lisilo na mamba wala kiboko, hewa ya baridi kidogo, volkeno karibu, na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925 upande wa pili wa mpaka kwa jina la Mfalme Albert: Wazungu wa Kongo na Rwanda waliona ni mahali pa mapumziko. Majumba ya kifahari yakasimama kando ya maji, hoteli zikafunguliwa, miti ya kivuli na miti ya maua ikapandwa kufuata barabara ya ziwani. Bado tunapita chini ya kivuli cha njia hiyo, na hatuna sababu ya kukataa kwamba ni nzuri.

Lakini wazee wetu walikuwa wapi? Utawala wa Kibelgiji uliwahesabu Waislamu kuwa watu wa nje ya mila za nchi, hata waliozaliwa hapa hapa. Katika miji ya Rwanda walitengewa mitaa yao, iliyoitwa kambi za Waswahili. Maarufu zaidi ni Biryogo ya Kigali, ambako kuingia na kutoka kulisimamiwa kwa vibali. Shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Muislamu aliyetaka mtoto wake asome aliogopa kumpoteza katika dini. Kwa hiyo wengi wakashika biashara ndogo, ushonaji, umekanika na udereva. Mwafrika aliyeonekana kwenye nyasi za mbele ya majumba yale mara nyingi alikuwa kazini: mpishi, mtunza bustani, dereva, mpiga makasia. Alilijua ziwa kuliko bwana wake, lakini alilijua akiwa amesimama.

Tunamwambia mzazi wetu kwamba hapa ndipo penye ukweli wa maneno yake. Ni kweli, ukitazama picha za zamani za Gisenyi utadhani ufuko ni jambo la Wazungu. Hata hivyo Wazungu hawakubuni kukaa kando ya maji. Walichokuwa nacho ni uwezo wa kukaa peke yao.

Na haikuwa starehe za mji tu zilizoguswa. Wanyarwanda walikuwa na umuganura, siku kubwa ya mavuno mapya ya mtama na ulezi, iliyoongozwa na ufalme. Mwaka 1925 Wabelgiji waliipiga marufuku, na Gashamura, mkuu wa walinzi wa siri za ibada za kifalme, akahamishiwa Burundi. Sisi hatuzitetei ibada zile za kale, na msomaji anajua kwa nini. Lakini fikiria watu wote wa nchi kunyang'anywa siku yao ya kufurahia chakula chao wenyewe. Umuganura ulirudishwa kitaifa mwaka 2011, ukiwa siku ya shukrani kwa mavuno, na huangukia Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Kwetu imekuwa bahati: ni siku ya mapumziko, na ni Ijumaa. Watu wakitoka msikitini baada ya swala huonekana wakiteremka kuelekea ziwani, kanzu bado zimepigwa pasi.

Uhuru ulikuja tarehe 1 Julai 1962. Majumba yalibadilisha wenyewe, ufuko ukaanza kufunguka, na wazee wetu wakaanza kuteremka na familia siku za Idi. Leo Idi zote mbili ni sikukuu za taifa, jambo ambalo watoto wanadhani limekuwapo siku zote.

Kisha ikaja 1994. Tutasema machache, kwa kuwa gazeti hili husomwa na watoto pia. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mji huu ulimwaga damu nyingi, na kumbukumbu ya waliouawa iko hapa Rubavu, si mbali na wanakocheza watoto wetu. Katikati ya Julai mwaka huo karibu watu milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma kwa muda wa siku chache, na kipindupindu kikawaua makumi ya maelfu. Mwaka 1997 na 1998 ukosefu wa usalama ulirudi kaskazini magharibi. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tuliliona ziwa kila siku, na haikutujia kwamba mtu anaweza kulitazama kwa furaha. Kwa hiyo mzazi akituambia kwamba mandari ni mchezo mtupu, huwa tunajiuliza kama anakumbuka jinsi mji unavyokuwa pale ambapo hakuna anayethubutu kutandika mkeka.

Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia huku. Mei 2021 ikalipuka tena, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba na barabara zetu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa za masika zilifurisha mto Sebeya na kuporomosha milima, na zaidi ya watu 130 walifariki katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, baadhi yao katika wilaya yetu. Januari 2025, vita vilipofika Goma, mabomu yalianguka hata upande huu na watu wakapoteza maisha. Baada ya kila moja ya mambo haya watu walirudi ufukweni. Hawakurudi siku moja. Kwanza huja wavuvi, kisha vijana wa mpira, kisha wauza mahindi ya kuchoma, na mwisho huja akina mama na watoto wachanga. Ukiwaona hao wa mwisho ujue mji umepona.

Tukitaja wavuvi, tuwaeleze wanafunzi jambo moja ambalo wengi hulistaajabia. Sambaza wale wadogo tunaowakaanga na kuwala na ndimu si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kuvuliwa. Wakazaliana, na leo ni chakula cha masikini na tajiri. Wavuvi hutoka magharibi na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikining'inia, wakiimba ili makasia yaende kwa pamoja. Kwa kawaida kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa miezi miwili hivi, kuanzia Agosti, ili samaki wakue. Basi majuma yetu ya mandari huangukia pale pale ambapo ziwa limefungwa! Mgeni akiuliza mbona mko ziwani mnakula dagaa mkavu, jibu ni hilo.

Wazazi kadhaa wameuliza pia kuhusu gesi, kwa kuwa wamesikia kwamba ziwa linaweza kulipuka. Ni kweli kwamba chini ya Kivu, ambalo lina kina cha karibu mita 480, kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani. Ni kweli pia kwamba ziwa Nyos la Kamerun lilitoa gesi ya namna hiyo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu zaidi ya 1,700. Lakini gesi ya Kivu imebanwa chini sana, kwa uzito wa maji mazito yenye chumvi yasiyochanganyika na ya juu. Mtoto anayecheza ukingoni hawezi kuifikia. Wataalamu hupima ziwa, na sehemu ya methani hutolewa: tangu 2016 kituo cha Kibuye, wilaya ya Karongi, kimekuwa kikiigeuza kuwa umeme. Matumizi ya kwanza kabisa ya gesi hiyo yalikuwa hapa Rubona, miaka ya 1960, kuchemshia mitambo ya kiwanda cha bia. Kinywaji chenyewe hatuna la kukisemea, lakini wahandisi wake walitangulia.

Hatari ya kweli iko nchi kavu, na imepewa jina la Kiswahili hata na wanasayansi wa ulimwengu: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini katika nchi ya volkeno, hasa upande wa Goma na Sake. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mabondeni na mashimoni, zaidi alfajiri kabla upepo haujavuma. Haina rangi. Mtu mzima akisimama anaweza asihisi kitu, na mtoto aliye karibu yake, kwa ufupi wake, akaanguka. Kwa hiyo tunapotafuta mahali pa kutandika tunakwepa vibonde vya mawe meusi, hata viwe na kivuli kizuri namna gani. Na maji ya Gisenyi huingia kina upesi. Asiyejua kuogelea abaki mahali ambapo miguu inagusa mchanga, na mkubwa mmoja asimame upande wa maji, asikae na simu.

Limebaki jambo la kalenda. Zamani kidogo, mwaka wa masomo ulipoanza Januari, likizo ndefu ya watoto iliangukia Novemba na Desemba, katikati ya mvua, na mandari ilikuwa ya kubahatisha. Baada ya kufungwa kwa shule wakati wa korona, tangu 2021 kalenda ilisogezwa, na sasa masomo huanza karibu na Septemba. Likizo ndefu imekutana na kiangazi kirefu. Hii ndiyo sababu madrasa imeweza kupanga safari ya watoto wote pamoja, jambo ambalo walimu wetu sisi hawakuliweza.

Basi tunarudi kwenye lile swali la nani amekaa na nani amebeba. Tumeonyesha watumwa wa Unguja na wapagazi wa Götzen, tumeonyesha watunza bustani wa majumba ya Gisenyi. Ni rahisi kuyasema ya watu waliokwisha kufa. Lakini tazameni mandari zetu wenyewe, za misikiti yetu, miaka yote hii. Akina baba hufika, hutandika, huzungumza siasa na mpira, huswali, hula, husinzia. Akina mama wameamka saa nane za usiku kukanda chapati na kuteleka wali, wamebeba masufuria kichwani kutoka mtaani, wamepakua, wameosha vyombo, wamekusanya watoto, na wanaporudi nyumbani jua limezama nao ziwa hawajaliangalia. Mama mmoja alituambia kwamba katika mandari zote alizokwenda hajawahi kulowesha miguu. Bibi yake, akasema, alikuwa akifua nguo za Wazungu katika nyumba zile zile za ufukweni.

Kwa hiyo mwaka huu mpangilio ni huu. Siku ni Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda na hatutaigusa. Tutakutana madrasa baada ya Alfajiri na kuteremka kwa miguu. Pilau itapikwa na akina baba na vijana wa darasa la juu, na waliokwisha kukubali wameandikwa ubaoni kwa majina. Nyama itanunuliwa na kamati. Viungo vitasagwa Jumamosi jioni na wavulana, chini ya usimamizi wa fundi mpishi wetu wa maulidi, ambaye ameahidi kutopika ila kuelekeza kwa mdomo. Chai itakuja na chupa zake. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu 2008, kila familia ije na kikapu chake, na taka zirudi nacho mjini.

Akina mama wanaombwa waje na mkeka na kitenge cha pili cha kukaushia miguu.

Wabillahi tawfiq.